Pigo la kugeuza mikono halina hatia. Kasoro iko kwenye sheria

Jumamosi iliyopita, katika mechi ya kriketi, nilirusha mpira ukatua nje kidogo ya upande wa legi, yaani nyuma ya miguu ya mpigaji, ukapinda kama nilivyokusudia, kisha ukamgonga mguuni akiwa ameziba kabisa kijiti cha kati cha wiketi, yaani vile vijiti vitatu anavyovilinda. Nilimwomba mwamuzi amtoe kwa sauti iliyowashtua hata watazamaji wachache waliokuwa kivulini. Mwamuzi akatikisa kichwa, naye alikuwa sahihi, kwa kuwa mpira uliotua nje ya upande wa legi hauwezi kumtoa mpigaji kwa kosa la kuziba wiketi kwa mguu. Kinachonikera ni kwamba mpigaji huyo wa mkono wa kulia alikuwa amekwisha kubadilisha mikono na miguu akawa wa kushoto kabla sijauachia mpira. Kwa jinsi alivyosimama wakati huo, mpira wangu ulitua upande wa ofu, mbele ya macho yake.

Pigo hilo la kugeuka na kubadilisha mikono lilizua mjadala mkubwa tarehe 15 Juni 2008 huko Chester-le-Street, Uingereza ilipocheza na New Zealand. Kevin Pietersen, mpigaji wa mkono wa kulia, aligeuka na kusimama kama wa kushoto, akaupiga mpira wa mrushaji Scott Styris kwa mikimbio (pointi) sita, kisha akarudia. Siku mbili baadaye klabu ya MCC, ambayo ndiyo mlinzi wa sheria za kriketi, ilitangaza kwamba pigo hilo ni halali, kwa hoja kwamba ni gumu na linamweka mpigaji mwenyewe hatarini. Mwaka 2020, India ilipozuru Australia na mpigaji wa Australia Glenn Maxwell akawa analitumia, nahodha wa zamani wa Australia Ian Chappell alitaka lipigwe marufuku, akisema kuwa nahodha hupanga wadakaji wake kwa kumtazama mpigaji wa kulia na ghafla hujikuta akicheza na wa kushoto.

Sikubaliani naye, ingawa mimi ni mrushaji na ningefaidika na marufuku hayo. Wanaoliita pigo hili udanganyifu hupenda kukumbusha kwamba mrushaji hulazimika kumjulisha mwamuzi kama atatumia mkono wa kulia au wa kushoto, na kama atapita kulia au kushoto kwa wiketi, na kwamba akibadilisha bila taarifa mpira wake unakuwa batili. Ni kweli. Hata hivyo, hakuna anayenidai nitangaze kama mpira utapinda kuingia au kutoka, wala kama nitaupunguza kasi, na nusu ya maisha yangu uwanjani nimeitumia kuficha mambo hayo mawili. Mtu anayeishi kwa kumshtukiza mwenzake hana uso wa kulalamika akishtukizwa.

Lalamiko langu liko mahali pengine. Kifungu cha 36 cha sheria za kriketi kinasema kwamba upande wa ofu wa mpigaji huamuliwa kwa jinsi alivyosimama wakati mpira unapoanza kuwa mchezoni, yaani mrushaji anapoanza kukimbia. Kwa hiyo anayegeuka baada ya hapo anauhama upande wake wa legi lakini kinga yake, ile ya kutotolewa na mpira unaotua huko, inabaki naye. Kinga hiyo ina sababu yake: mpira unaotua nyuma ya miguu ni mgumu kuuona, na pasipo kinga warushaji wangeurusha huko siku nzima na kuufanya mchezo ukose ladha. Ndiyo maana sheria ilipopanuliwa katika miaka ya 1930 ili mpira unaotua nje ya ofu uweze kumtoa mpigaji, upande wa legi haukuguswa. Mtu aliyejigeuza ili autazame upande huo waziwazi hawezi tena kudai kwamba haoni huko.

Ravichandran Ashwin, mrushaji wa mipira ya kupinda aliyeichezea India, ametetea kwa miaka wazo la kumwondolea kinga mpigaji anayegeuka, naye hutaka hata swipu ya kinyume, yaani kuufagia mpira kuelekea upande wa ofu, iingizwe humo. Hapo mimi nasita, kwa kuwa katika swipu hiyo mpigaji hugeuza bati tu huku mikono ikibaki palepale, na hatari yake ni kubwa. Nahodha wa Uingereza Mike Gatting alitoka kwa pigo hilo katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1987 mjini Kolkata, na Uingereza ikashindwa kwa mikimbio 7. Mpaka wangu ni mikono: ikibadilishana nafasi, kinga iondoke pande zote mbili.

Wapo watakaosema kwamba mwamuzi hawezi kutazama kama mguu wa mrushaji umevuka mstari na wakati huohuo atazame mikono ya mpigaji. Katika mechi za kimataifa mguu sasa hutazamwa na mwamuzi wa televisheni, ila kwetu sisi wa Jumamosi pingamizi hilo nalikubali. Lakini mwaka 2022 MCC iliandika upya sheria ya mpira mpana, yaani uliopita mbali mno na mpigaji, na sasa mwamuzi huzingatia kila mahali mpigaji aliposimama tangu mrushaji aanze kukimbia. Kama kuhama kwake kunaweza kufuatiliwa katika mpira mpana, sioni kwa nini kupuuzwe katika kosa la kuziba wiketi kwa mguu.

Mpigaji wangu alitoka ova mbili (mafungu ya mipira sita sita) baadaye, akijaribu pigo lilelile dhidi ya mpira ulionyooka tu. Si mimi niliyeurusha.