Ziara ya masomo Copenhagen: cha kupima na cha kuwaachia wenyewe

Kundi la usanifu majengo likitoka Dar kwenda Copenhagen kwa wiki moja, hatari kubwa si baridi. Hatari ni kurudi na maelfu ya picha za majengo kwa mbele bila kujua hata ukuta mmoja una unene gani. Mji ule ulikuwa Mji Mkuu wa Usanifu Majengo wa Dunia wa UNESCO na UIA (umoja wa kimataifa wa wasanifu majengo) mwaka 2023, kwa hiyo picha nzuri zimejaa mtandaoni na hazihitaji tiketi ya ndege. Mnachofuata ni vipimo, maungio na sababu.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo makundi mengi yanaponaswa. Msiende Julai. Wiki ya 28 hadi ya 30 ya mwaka, nusu ya Denmark iko likizo: ofisi za usanifu zimebaki na mlinzi, saiti zimefungwa, barua pepe zinajijibu zenyewe. Tarehe 5 Juni nayo ni Siku ya Katiba. Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo siku ya kazi inakatika katikati. Nusu ya pili ya Mei, au kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, ndiyo yenye mwanga wa kutosha na watu wa kuwapokea.

Viza ni ya Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho kabisa ni siku 15 kabla. Kundi la watu 15 lisithubutu kusubiri mwisho. Bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000 na ifunike siku zote za safari. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibakize miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka huko, na iwe na kurasa 2 tupu. Yanayokwamisha ni madogo: jina kwenye barua ya chuo halifanani na la kwenye pasipoti, barua ya mwenyeji haina tarehe, au akaunti ya benki imejazwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba. Mtu mmoja kwenye kundi apewe kazi ya kusoma kila herufi ya kila barua.

Kabla ya kuondoka fanyeni hesabu moja hapahapa Dar. Tangu Januari 2023 sheria ya ujenzi ya Denmark inataka kila jengo jipya lipigiwe hesabu ya hewa ya ukaa kwa miaka 50, na jengo linalozidi mita za mraba 1,000 lisivuke kilo 12 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Julai 2025 wakakaza: wastani ukashuka hadi kilo 7.1, kila aina ya jengo ikapewa kikomo chake. Sasa chukueni slabu ya ghorofa ya mita za mraba 100, unene wa milimita 150. Ni zege mita za ujazo 15. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kila mita ya ujazo inakula takriban kilo 320 za saruji, yaani mifuko sita na ushee, na slabu nzima inakula mifuko 96 hivi. Saruji isiyochanganywa na pozolana (unga wa kupunguzia saruji, kama majivu ya volkano) inatoa takriban kilo 0.85 za hewa ya ukaa kwa kila kilo. Jumla inakuja tani 4 na kidogo. Gawanya kwa mita 100, gawanya tena kwa miaka 50: kilo 0.8. Hiyo ni saruji ya slabu moja tu, bila nondo, bila kuta, bila kiyoyozi. Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hiyo kwa mkono wake ataelewa kwa nini Wadenishi wanagombania sentimita za zege. Programu yao ya hesabu hizi, LCAbyg, ni ya bure. Ipakueni mapema, mfike mkiwa na maswali.

Siku ya kwanza ya kazi iwe Nordhavn, bandari ya zamani inayogeuzwa kuwa mji. Metro ya M4 inawafikisha Orientkaj. Hapo kuna shule ya kimataifa iliyochorwa na ofisi ya usanifu ya C.F. Møller na kukamilika 2017, ukuta wake wa nje umevikwa paneli za sola 12,000 zenye rangi ya kijani ya bahari, zikifunika mita za mraba 6,048. Umeme wake unatosha zaidi ya nusu ya mahitaji ya shule kwa mwaka. Ni shule yenye watoto, kwa hiyo ndani hamwingii bila miadi, ila ukuta unaonekana vizuri kutoka njiani. Sogeeni mpaka muone kwamba paneli hazikulala sawa: kila moja imeinamishwa kidogo, na ndiyo maana rangi inabadilika mtu akitembea.

Swali la kuwauliza wanafunzi wakiwa wamesimama hapo: hii ingefaa Upanga? Haifai. Copenhagen iko nyuzi 55.7 kaskazini; adhuhuri ya tarehe 21 Desemba jua linapanda nyuzi 11 tu juu ya upeo, na hata Juni halizidi 58. Jua la chini namna hiyo linaupiga ukuta usoni. Dar iko nyuzi 6.8 kusini. Adhuhuri ya Juni jua linasimama nyuzi 60 upande wa kaskazini, na Desemba nyuzi 73 upande wa kusini. Ukuta wetu unaambulia jua la pembeni. Anayekula jua ni paa. Paneli hizohizo zikilala kwenye paa lenye mwinamo wa nyuzi 10 hivi kuelekea kaskazini zitafanya kazi kubwa zaidi, na mvua itaziosha.

Nyuzi hizo zina kazi nyingine nyumbani. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini linahitaji kipaa kinachotokeza sentimita 70 juu yake ili adhuhuri ya Juni jua lisiingie. La kusini linatosheka na sentimita 36 kwa Desemba. Mashariki na magharibi kipaa hakisaidii kitu, jua linaingia kwa chini. Hapo ndipo mtakapoikumbuka UN City, jengo la Umoja wa Mataifa lenye umbo la nyota, kazi ya ofisi ya 3XN ya mwaka 2013, dakika chache tu kutoka hapo. Kuta zake zina vibao vya alumini vyenye matundu, viko nje ya kioo, na wafanyakazi wanavifungua na kuvifunga. Neno la kupigia mstari ni nje. Pazia la ndani linazuia mwanga baada ya joto kuwa limeshaingia. Maghorofa yetu ya vioo yenye mapazia ya ndani yanalipia kosa hilo kwenye luku kila mwezi. Ziara ya ndani lazima iombwe mapema, na mlangoni wanataka kitambulisho, kwa hiyo pasipoti zisibaki hotelini. The Silo, ghala la nafaka ambalo COBE waliligeuza kuwa makazi mwaka 2017, liko njiani. Litazameni lilivyovikwa mabati mapya juu ya zege la zamani, kisha mpite.

Ørestad ndiyo siku ya kukaa. Shukeni Vestamager, kituo cha mwisho cha M1. 8TALLET, jengo la makazi la ofisi ya BIG la mwaka 2010, ina nyumba 476 na njia inayopanda hadi juu, lakini watu wanaishi mle: kimya, na kamera ziwe mbali na madirisha yao. Muda wenu mwingi upelekeni Ressourcerækkerne, nyumba za safu walizochora Lendager.

Pale kuna ukuta wa matofali ambao haukujengwa tofali kwa tofali. Umetengenezwa kwa vipande vya takriban mita moja kwa mita moja vilivyokatwa kwa msumeno kutoka majengo yaliyokuwa yanabomolewa, yakiwemo ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Kila kipande kina rangi yake na mpangilio wake wa kozi (safu za matofali), ukuta mzima unafanana na kanga za viraka. Sababu ya kukata vipande ni mchanganyiko unaoshikanisha tofali. Majengo ya Denmark ya kabla ya miaka ya 1960 mengi yalijengwa kwa chokaa, na tofali la chokaa linabanduka, linasafishwa, linauzwa tena. Walipohamia saruji, kiungo kikawa kigumu kuliko tofali. Ukigonga, linapasuka tofali kwanza. Ndipo wakaamua kukata tofali pamoja na kiungo chake. Chukueni futikamba mpime upana wa maungio kati ya kipande na kipande, mwone pembe ya nyumba imemalizwaje na maji yanadondokea wapi chini ya dirisha. Hayo hayamo kwenye picha za mtandaoni.

Huku kwetu nyumba ya zamani ikibomolewa Magomeni au Kariakoo, milango, mabati, mbao na nondo vinapata mnunuzi kabla ya jioni. Biashara ya kutumia tena tunayo siku nyingi, wala hatukufundishwa na mtu. Kinachobaki ni ukuta, unaoishia kuwa kifusi, kwa sababu ileile ya saruji. Dawa ni kupunguza ukali wa kiungo kwenye kuta zisizobeba mzigo: saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, au hata 1:2:9 kwa kuta za kugawa vyumba. Chokaa iwe iliyozimwa, ilowekwe usiku mzima. Changanya chokaa na mchanga kwanza. Saruji iingie mwishoni, na mchanganyiko utumike ndani ya saa moja na nusu. Fundi akiona umeanza kukaza ataongeza maji. Mkatazeni, hapo ndipo kiungo kinapokufa. Mchanga wa ufukweni marufuku, chumvi yake inakula nondo na kutoa mba ukutani. Lowanisheni tofali kabla ya kujenga, funikeni ukuta na magunia yenye maji kwa wiki nzima. Msitumie mchanganyiko huu kwenye msingi, na ukuta wowote unaobeba slabu ni wa kuamuliwa na mhandisi. Jengeni kwanza kipande cha majaribio, mkisubiri siku 28 mjaribu kukibomoa. Chokaa inaendelea kukomaa, kwa hiyo rudieni baada ya miezi 3.

Halafu maji. Tarehe 2 Julai 2011 mvua ya ghafla iliimwagia Copenhagen zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache, hasara ikawa mabilioni ya kroner. Desemba ya mwaka huohuo bonde la Msimbazi likafurika, watu wakafa, familia za Jangwani zikahamishiwa Mabwepande. Wenzetu mwaka 2012 walitoka na mpango wa miradi 300 hivi kwa miaka 20, wenye lengo linaloweza kupimwa: mvua ya mara moja kwa miaka 100 isiache maji yenye kina kinachozidi sentimita 10 barabarani. Enghaveparken, bustani iliyofunguliwa upya 2019, inaweza kubeba mita za ujazo 22,600. Hayo ni maboza 2,260 ya lita 10,000. Siku za kawaida watoto wanacheza mpira ndani ya shimo hilohilo linalokusanya maji.

Tåsinge Plads, mtaa wa Østerbro, ni ndogo lakini inafundisha zaidi. Maji ya paa na maji ya barabara hayachanganywi, kwa sababu barabara zao zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kuna miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, inakinga mvua. Mtu wa Dar akiiona lazima acheke: Soko la Kariakoo alilochora Beda Amuli miaka ya 1970 lina paa la miavuli ya zege inayokusanya mvua na kuipeleka kwenye tanki la chini. Kabla ya kupanda ndege, lipelekeni kundi Kariakoo likachore mwavuli ule.

Sisi hatuna chumvi ya barabarani, tuna mchanga, oili na chupa za plastiki. Kila mfereji unaoingia kwenye shimo uanze na chemba ya kunasia mchanga inayofikika kwa koleo, la sivyo masika ya kwanza tu inaziba. Kwenye paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50 inatoa kama lita 4,250 ukishatoa inayopotea. Lita 100 za mwanzo zimwagwe, zina vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa mashimo ya kunyonya, chimbeni shimo la majaribio, mlijaze maji, mrudi kesho yake. Kama maji bado yapo, kama ilivyo sehemu nyingi za Jangwani na Msasani wakati wa masika, shimo hilo halitanyonya lolote siku ya mvua. Na maji yaliyotuama yaondoke ndani ya siku 3. Copenhagen wanaweza kuyaacha yakae kama pambo. Sisi tuna mbu.

CopenHill mtapelekwa tu, hakuna kundi linaloikwepa: kiwanda cha kuchoma taka chenye mteremko wa kuteleza kwenye paa, uliofunguliwa 2019. Pandeni, mwone mji. Ila kiwanda kile kinalipa kwa sababu joto lake linauzwa kwenye mabomba yanayopasha karibu majengo yote ya mji. Taka za Pugu zimejaa maganda na maji, na Dar hakuna anayenunua joto. Vioo vya tabaka tatu na mitambo ya kurudisha joto ndani, hivyo navyo waachieni wenyewe. Kitu kimoja cha kuazima hapo ni kihami (tabaka la kuzuia joto) chini ya bati, kwa sababu bati la saa nane mchana linapika chumba.

Kwenye baiskeli: kaeni kulia, inueni mkono kabla ya kusimama, na njia panda msikate kushoto moja kwa moja, vukeni kwanza, simameni upande wa pili, kisha mgeuke. Usiku taa mbele na nyuma ni sheria.

Kila jioni kila wawili watoe mchoro mmoja wa kiungo kwa skeli ya 1:5, wenye unene wa kila tabaka na njia ya maji kwa mshale. Usiopimwa haupokelewi. Michoro safi ikamilike ndani ya wiki mbili baada ya kutua Dar, kabla watu hawajaanza kubishana kile kibati cha chini ya dirisha kiliinama upande gani.