Lifti kupanda, ngazi kushuka: nilivyojiandaa kwa Milima ya Ngong

Kocha wa jimu yetu huku Donholm ana wimbo mmoja: miguu ikiuma baada ya mazoezi ni asidi, kunywa ndimu na maji moto. Ndimu nimekunywa hadi meno yakafa ganzi. Asidi ya laktiki huisha mwilini saa moja hivi baada ya kupumzika. Sasa maumivu yanayoanza kesho yake na kuzidi siku ya pili, asidi gani hiyo?

Kilichonichokoza ni baiskeli ya jimu. Naikanyaga mpaka miguu inatetemeka, lakini nalala naamka mzima. Ila nikienda Ngong, Jumatatu nzima najikokota.

Basi nikafanya utafiti wangu ofisini, mjini, orofa ya kumi na moja. Kwanza nilipanda kwa ngazi, nikashuka kwa lifti. Nilihema hadi askari wa mlangoni akaniuliza nani ananifukuza. Maumivu? Hakuna. Wiki iliyofuata nikageuza: lifti kupanda, ngazi kushuka, tena na tena saa ya chakula. Wenzangu walicheka, eti mwanamichezo gani huyu wa kushuka tu. Shati kavu, pumzi shwari, nikaona mteremko. Siku ya pili yake kukaa chooni kulihitaji ukuta na sala. Simu ilinidondoka, nikaiacha sakafuni mpaka mama wa usafi akapita akaniokotea, akasema, "Pole, mwanangu, ulianguka?" Jimu nako, vyuma nilivyozoea kuchuchumaa navyo vilinilemea kwa siku kadhaa.

Hiyo ndiyo siri yenyewe. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja. Unachoka, kisha unarudi. Ukishuka, msuli huohuo unafanya kazi ya breki: umekaza huku unavutwa kurefuka, na nyuzi zake ndogo zinachanika. Baiskeli haina breki ya aina hiyo. Uchovu na kuumia kwa misuli ni vitu viwili, na jasho halikuambii umepata kipi.

Uzuri ni kwamba msuli ulioonja kushuka hujikinga. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari ya chama chetu nilianza na orofa chache tu za kushuka, nikaongeza polepole. (Ukishtua miguu mara moja hadi mkojo uwe mweusi kama kola, achana na ndimu, kimbia hospitali.)

Tukachukua matatu ya 111, nauli si ya kutisha, tukatoka kwenye mitambo ya upepo hadi Kona Baridi. Kwenye kupanda walinipita wote, hata mweka hazina wetu mwenye kitambi. Lakini Jumatatu, kwenye kundi la chama, walikuwa wanaulizana dawa ya kuchua. Mimi nilikuwa nashuka ngazi za ofisi, simu sikioni.

Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, si mwaka. Tukipanga safari nyingine, naanza tena na orofa chache.