Baga za viwanja vipya Dar: nyingi ni kababu tu

Siku hizi ukikatiza Sinza, Mikocheni au kule Goba haipiti wiki bila kuona kiwanja kipya kimefunguliwa, taa za rangi, viti vya plastiki vimetolewa vimewekwa vya mbao na chuma, spika mbili kubwa mlangoni, na ukishika menyu lazima baga ipo. Zamani baa ilikuwa na chipsi, mishkaki, kuku na ndizi za kuchoma, imeisha hiyo. Sasa hivi hata grosari iliyopandishwa cheo juzi inauza bifu baga na chipsi pembeni elfu 12.

Mi nikienda kiwanja kipya naagiza baga makusudi. Washkaji wananicheka, yaani watu wamekuja kula kitimoto afu wewe unaomba mkate, lakini kuku wa kuchoma Dar hii ni shida sana kumkosea, kila mchoma kuku anajua kazi yake. Baga ndo inakuonyesha jiko limekaaje, nyama inasagwa lini, mkate unatoka wapi, mpishi anaonja anachopika au anatoa tu sahani.

Na ugonjwa mkubwa wa baga zetu ni kwamba nyingi ni kababu iliyobanwa ikawa bapa. Unang'ata unakutana na kitunguu maji, swaumu, dhania, giligilani, yai, chenga za mkate, mtu katupia na binzari humo humo. Kababu naipenda, Ramadhani usinisogelee na sahani ya kababu, ila ukishaweka yai na mkate ndani nyama inashikana inakuwa ngumu kama soli na utamu wa nyama yenyewe huusikii. Baga inataka nyama, chumvi, pilipili manga, basi. Na chumvi unaweka nje wakati unataka kuipeleka kwenye moto, ukiikanda na chumvi mapema inakuwa soseji.

Sasa wapishi hawachanganyi hayo mayai kwa ujinga, wana sababu. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na wengi sana ni zebu wetu wa asili, ng'ombe wa kutembea umbali mrefu kutafuta majani na maji, nyama yake ina ladha nzuri sana lakini haina mafuta ya kutosha ndani. Wamarekani baga yao wanaipiga hesabu nyama 80 mafuta 20. Hapa mwenye mgahawa anataka kuonekana wa maana anaenda buchani anaomba steki tupu, isafishwe mafuta yote, isagwe, halafu anashangaa inakauka kwenye moto inasambaratika. Ndo hapo anaona bora apige yai ishikane. Kwa hiyo tatizo lilianzia buchani kabla hata mpishi hajawasha jiko.

Baga iliyonifanya niandike hii post iko Sinza, kwenye baa mpya ambayo ukiiona kwa nje huwezi kuidhania. Jiko lenyewe liko nje pembeni ya uzio, jamaa mmoja anachoma mishkaki kwenye mkaa, na pembeni ya mkaa kaweka bapa la chuma zito la kupikia baga. Nyama haina urembo wowote, kwa nje ina ganda jeusi jeusi la kahawia, ndani inachuruzika. Nikainuka nikamfuata.

"Fundi, hii nyama umeichanganya na nini?"

"Nundu, kaka. Steki na kidari na nundu kidogo. Steki peke yake inakauka, utanirudishia."

Nundu! Nikarudi kukaa nacheka mwenyewe. Nundu watu wanainunua wachome waile na ndizi, ina mafuta yaliyoingiana na nyama vizuri kabisa, na hapo ndo zebu wetu anakoweka akiba yake. Huyu jamaa wala hajasoma chuo cha hoteli, ni mtu wa mishkaki ambaye miaka yote ameona kipande chenye mafuta kinavyofanya kwenye moto na kile kisicho na mafuta kinavyofanya.

Na kingine alichopatia ni moto. Lile ganda la kahawia halitokei mpaka juu ya nyama maji yakauke na joto lipite nyuzi 140 hivi. Chuma kikiwa vuguvugu nyama inatoa maji inajichemsha humo humo, inatoka ya kijivu, na ndo baga nyingi za migahawa zilivyo maana kikaangio kidogo wamekijaza nyama sita kwa mpigo kwa sababu meza zimejaa.

Upande wa Mikocheni nikapata kitu tofauti kabisa. Mgahawa msafi, kiyoyozi, wahudumu wana sare na heshima zote, baga elfu 22 inakuja kwenye ubao imechomwa kijiti katikati kwa sababu ni ndefu haiwezi kusimama yenyewe. Sielewi huu mtindo wa baga ya ghorofa. Huwezi kuing'ata, inabidi uibomoe ule kwa uma, sasa si ungeniletea sahani ya nyama na saladi tukajua moja. Chizi yao ilikuwa nzuri lakini, mhudumu akasema inatoka Njombe, ina ukali fulani wa kupendeza, sio ile ya karatasi isiyo na ladha. Ila mkate ulikuwa wa jana. Mtu anakodi fremu Mikocheni, ananunua chizi ya Njombe, afu anaenda kubana kwenye skonzi.

Mkate watu wanauchukulia poa sana. Skonzi ya baga inatakiwa laini, yenye utamu kidogo, ikatwe katikati ipakwe siagi ilazwe kwenye chuma upande wa ndani mpaka ibadilike rangi. Hiyo kazi inachukua dakika moja na ndo inazuia mkate usilowe ukaachia mkononi. Kuna sehemu Mbezi Beach skonzi ilikuja ya baridi, sosi na mayonizi zimepita mpaka chini, nusu ya baga nimeilia kwenye tishu. Nilipomwambia dada aliyekuwa anahudumia akaniambia "pole kaka, leo kulikuwa na oda nyingi". Saa kumi jioni, mimi na meza nyingine moja.

Halafu Masaki. Masaki wanakuuliza nyama uipende imeiva kiasi gani, na mwenzangu kwa kuona aibu akasema nusu nusu. Nikamkatalia pale pale. Steki nzima ukiibabua nje ndani ikabaki nyekundu sawa, maana vijidudu vinakaa juu. Nyama ya kusaga ile ya juu yote imeshaingia ndani, ndo maana Wamarekani wanasema iive mpaka nyuzi 71 katikati, na wao wana sababu, mwaka 1993 kule kwao watoto wanne walikufa na mamia ya watu wakaumwa kwa baga ambazo hazikuiva vizuri. Labda kama umeona inasagwa muda ule ule mbele yako na unamwamini anayesaga. Mi simjui, niivishie. Ikiwa na mafuta ya kutosha itaiva na bado itakuwa na majimaji yake.

Chipsi sina la kusema, Dar chipsi tunajua. Ila nimependa sehemu moja Tabata wanaleta chachandu na kachumbari pembeni badala ya lile jani moja la saladi lililosinyaa, kachumbari yenye ndimu inakata mafuta safi sana, kila mtu angeiga hiyo.

Angalizo kwa wanaokimbilia viwanja vipya kama mimi, msihukumu wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza mwenye mali yupo kaunta anasalimia kila meza, mpishi ana hofu ya kazi, nyama nene, bili inakuja na tabasamu. Rudi baada ya miezi miwili mitatu, siku ya katikati ya wiki, uone nyama imepungua unene au la na bei imebaki pale pale au imepanda. Pale Sinza nimesharudi, nundu bado ipo, bei elfu 10 na unalipa kwa lipa namba, ila ukifika baada ya saa mbili usiku mkaa anawapa wa mishkaki kwanza na baga unaisubiri mpaka unasahau uliagiza.

Nasikia Kigamboni kuna mtu anatengeneza baga ya pweza karibu na feri. Aliyeila aniambie kama pweza kalainishwa vizuri au nitatafuna mpaka nivuke maji.