Duara la Penseli

Mwaka 2008 nilikuwa katibu wa baraza la kigango chetu, upande wa Tororo karibu na mpaka wa Malaba, na ndimi niliyepewa kazi ya kuiandikia parokia barua ya kuwashtaki wenzetu walioacha kusali pamoja nasi. Chanzo kilikuwa fedha za mabati ya kanisa, ambazo kila upande ulidai upande wa pili umezila. Familia kumi na mbili ziliondoka, zikawa zinakusanyika kila Jumapili chini ya mwembe uani kwa shangazi yangu, zikisali rozari na kusoma masomo ya siku. Niliandika kwamba wamefanya farakano, na kwamba hawana tofauti na Waorthodoksi wa Namungoona kule Kampala, Wakristo wasio chini ya Papa.

Padri, mzee mwenye subira, aliisoma barua yote kimya. Kisha akachukua penseli, akalizungushia neno "farakano" duara, akainuka na kuteremsha rafuni kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, ambacho jalada lake lilishikizwa kwa gundi ya karatasi. Alifungua kanuni ya 751, akaufuata mstari wa Kilatini kwa kidole huku akinifafanulia. Uzushi, alisema, ni kuikana kwa ukaidi kweli ambayo mbatizwa anapaswa kuisadiki. Uasi ni kuitupa imani ya Kikristo yote. Farakano ni kukataa kuwa chini ya Baba Mtakatifu, au kukataa ushirika na waamini walio chini yake. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba uzushi hupingana na imani, lakini farakano hupingana na upendo, na ndiyo sababu mtu anaweza kuikiri sala ya imani, Nasadiki, nzima bila kosa na bado akawa amefarakana.

"Shangazi yako huko chini ya mwembe anamwombea nani?" aliniuliza.

Nilijua jibu, kwa kuwa uzio wetu ulipakana na wake. Kila Jumapili nilisikia sauti yake ikimtaja Papa Benedikto, kisha askofu mkuu wetu, kisha padri huyuhuyu aliyekuwa ameketi mbele yangu.

"Basi amemkataa nani, mwanangu?"

Nilisema wamemkaidi mwenyekiti wa baraza. Akanijibu kwamba kumkaidi mwenyekiti, hata kumkaidi paroko katika jambo moja, kunaweza kuwa kosa, tena kosa zito, lakini farakano ni kuyakataa mamlaka yenyewe na ushirika wenyewe. Akanionyesha kanuni ya 1364, ambayo humfunga mwenye farakano kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo, bila kungoja hukumu ya mtu. Nilipoisoma mikono ilinilegea. Nilikuwa nimemwandikia dada ya baba yangu adhabu hiyo kwa sababu ya mabati.

Kuhusu Waorthodoksi alikuwa mkali zaidi, na hadi leo naona alikuwa na haki. Wale wa Uganda walianza mwaka 1929 na Reuben Spartas, aliyetoka Anglikana, wakapokewa na Patriarki wa Aleksandria, mkuu wa Waorthodoksi wa Afrika, mwaka 1946. Hawakupata kuwa chini ya Roma hata waseme wameondoka. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1964, ulikataza kuwatwika dhambi ya utengano watu waliozaliwa na kulelewa katika jumuiya zilizokwisha kutengana na Roma.

Mwishoni aliugusa tena ule mstari, pale penye ushirika na waamini. Hakusema kwamba sisi wa baraza tumefarakana. Alisema tu kwamba sehemu hiyo ya kanuni husahaulika upesi, kisha akaniuliza ni lini nilimsalimu shangazi mara ya mwisho. Ilikuwa kabla ya Kwaresima, na wakati huo tulikuwa tumekwisha kupita Pentekoste.

Niliandika barua upya palepale ofisini kwake. Mahali pa lile neno niliandika: "waamini wenzetu tunaogombana nao juu ya fedha za mabati." Jumapili iliyofuata nilibeba mkeka wangu, nikaenda chini ya mwembe, nikamkuta shangazi amefika kwenye jina la Papa.