Ghala la ufuta na banda la kuku, Kilwa: kulifunga paa

Agosti. Ufuta umeuzwa, ghala ni tupu, huu ndio wakati wa kupanda juu. Wengi hapa husema vimbunga ni vya Msumbiji. Lakini Lindi walikipata chao Aprili 1952, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, jirani zetu kabisa.

Fundi alitaka tuanze na bati nene. Nikakataa. Geji 28, iliyo nene zaidi, inaishinda geji 30, sawa, ila upepo hausukumi paa tu. Ukipita juu yake unalinyonya kwenda juu, zaidi kwenye pembe, ukingoni na karibu na kofia, bati la kileleni. Tena mwendo wake ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Bati zuri juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilizokaa tu ukutani litaruka pamoja na kenchi zake.

Kwa hiyo fedha nyingi imeishia pale kenchi inapokutana na ukuta. Ghala lina lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, afadhali. Tumechimbua zege mpaka tukazifikia nondo za ndani, tukazifungia vipande vya nondo vya milimita 8, tukavikunja juu ya kila kenchi, kisha tukaziba. Banda la kuku ni nguzo na wavu, halina lenta. Nguzo tumezichimbia upya kwa zege, tukizipigilia misumari ubavuni kwa chini ili zege lizing'ang'anie, na kwenye pembe tumeweka mbao za mshazari.

Septemba. Mabati. Msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni, la sivyo litavuja. Katikati ya paa tunaruka migongo. Ukingoni haturuki hata mmoja, na papi, mbao zinazopigiliwa bati, tumezisogeza zikaribiane.

Upenu mrefu wa ghala tumeukata, maana upepo huuinua kutoka chini. Mama watoto hajafurahi, ndicho kivuli chake cha kupepetea ufuta. Atajengewa kibanda kisichoshikana na ghala. Kikiruka, kiruke chenyewe.

Mlango unaotazama kusi umepata makomeo mawili, juu na chini. Ukifunguka, upepo utaingia na kulisukuma paa kwa ndani huku mwingine ukilivuta kwa nje.

Kabla ya mvua za vuli nataka kupunguza matawi makavu ya mkorosho unaoinamia banda. Mti ni wa jirani. Anasema nisubiri amalize kuokota korosho, nami namwambia matawi makavu hayazai. Tunaendelea kuzungumza.