Lasanya ya dada, bila nyama, maziwa wala yai

Dada yangu mkubwa alipoingia Usabato aliacha nyama. Mwaka uliofuata akaacha na maziwa, siagi na mayai. Sikumhoji, maana ni mtu anayelipima jambo kabla ya kuliamua. Kilichoniuma ni lasanya, kile chakula cha Kiitaliano cha tambi za bapa zilizopangwa tabaka kwa tabaka na mchuzi na jibini, kisha kuokwa. Mimi ni mpishi hapa Malindi, mji ambao Waitaliano wamekuwepo tangu enzi za mradi wa San Marco wa kurusha satelaiti kule Ngomeni, miaka ya 1960. Nilifanya kazi miaka mingi jikoni kwa signora mmoja, yaani bibi wa Kiitaliano, mwenyeji wa upande wa mji wa Bologna. Kila nikipewa kilichobaki nilimpelekea dada, na siku zote alitaka pembe ya trei, pale jibini lilipokauka likawa kahawia. Cha katikati alituachia sisi. Sasa pembe ile alikuwa ameiaga, nami sikuridhika.

Lasanya ya Bologna ukiitazama kwa macho ya dada ni mnyama juu ya mnyama. Ragu yake, yaani mchuzi wa nyama, ile ambayo mapishi yake yaliandikishwa katika chemba ya biashara ya Bologna mwaka 1982, ina nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, na maziwa pia. Tambi zake za bapa hukandwa kwa yai moja kila gramu 100 za unga. Beshamela, ule mchuzi mweupe mzito, ni siagi, unga na maziwa. Juu hunyunyizwa Parmigiano, jibini ambalo maziwa yake hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.

Nilianza kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angeanza: nikakuna nazi. Tui zito likakaa mahali pa maziwa. Beshamela ikatoka nyeupe, nzuri kwa macho, nikafurahi. Lakini ndani ya joto tui lilikatika, mafuta yakaelea juu, na utamu wa nazi ukakutana na nyanya. Dada alikula sahani yote kwa heshima, kisha akaniambia taratibu, "Ni nzuri, mdogo wangu, lakini mimi naonja mchuzi wa kupaka." Alisema kweli. Mara ya pili nilinunua maziwa ya soya ya pakiti, sikusoma vizuri, kumbe yalikuwa na sukari na vanila. Ile hata mezani haikufika.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuta kitu cha kufanana na maziwa, nikajiuliza maziwa yanafanya kazi gani mle ndani. Yanalainisha, yanashikanisha tabaka, na yanatuliza ukali wa nyanya. Basi. Na huku kwetu Kilifi tuna korosho.

Nililoweka gramu 150 za korosho mbichi usiku kucha, nikamwaga maji yake, nikasaga kwa blenda na lita moja ya maji safi mpaka ukipapasa kwa vidole husikii chembe. Signora alinifundisha beshamela ya gramu 100 za siagi, gramu 100 za unga na lita ya maziwa. Kwa korosho kipimo hicho ni kosa, kwa sababu korosho zenyewe huwa nzito zikipata moto. Mimi nilitumia gramu 60 za unga na gramu 60 za mafuta ya zeituni. Nikakaanga unga mpaka ukanukia, nikamimina maziwa ya korosho kidogo kidogo huku mwiko hautulii, nikatia chumvi na kungumanga ya kukwaruza. Itoe jikoni ikiwa bado kama uji mwepesi. Ukingoja iwe nzito kama ile ya maziwa, ikishaokwa utakata udongo.

Ragu ndiyo iliyonichukua muda, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Kamande peke yake, zile ambazo wazee wa mjini huziita adesi, hurojeka. Mdomo haupati cha kutafuna. Dawa yake ilikuwa uyoga. Nusu kilo, uukate vidogo kama nyama ya kusaga, uuweke kwenye kikaango kikavu bila mafuta wala chumvi. Utatoa maji mengi, usiogope. Acha yakauke yote, endelea mpaka uyoga uanze kushika kahawia na jikoni kunukie kama kuna mtu anachoma kitu. Mtu akiukatisha hapa kwa haraka, ragu yake itakuwa mchuzi wa mboga tu. Kando nilichemsha gramu 200 za kamande hadi zikaiva bila kupasuka, nikayahifadhi maji yake.

Kitunguu, karoti na seleri nilivikata vidogo sana, nikavipika kwa mafuta ya zeituni na moto mdogo kwa dakika 20. Vijiko viwili vya nyanya ya kopo vikakaangwa humo mpaka rangi ikaiva, halafu uyoga, kamande, nyanya tatu za kusaga na yale maji. Saa nzima ya kutokota. Divai niliiacha, dada hainywi wala haitii chakulani mwake. Matone ya ndimu mwishoni yalitoa ule uchachu uliokuwa ukihitajika.

Tambi hazikunisumbua. Za pakiti zilizotengenezwa kwa ngano ngumu na maji tu zinapatikana, ila soma nyuma ya pakiti: ukiona neno "uova" ujue zina mayai. Nilizichemsha dakika nne, nikazitandaza juu ya kitambaa safi.

Jibini je? Jibu nililipata kwa Waitaliano wenyewe. Kusini mwa nchi yao, maskini aliyekosa jibini alinyunyiza juu ya tambi makombo ya mkate yaliyokaangwa kwa mafuta ya zeituni. Nikaparuza mkate uliokauka, nikaukaanga na kitunguu saumu, nikachanganya na korosho zilizokaangwa na kutwangwa, na chumvi ya kutosha. Chumvi usiionee haya hapa, maana Parmigiano lilikuwa likileta chumvi yake.

Nyumbani sina oveni. Nilipika kama bibi alivyokuwa akipika mkate wa sinia: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko cha sufuria. Tambi za mstatili nilizivunja zikafuata mviringo wa sufuria, tabaka tano, ragu kidogo na beshamela kidogo kila moja. Baada ya dakika 30 nikafunua, nikamwaga makombo juu, nikapalia tena makaa kwa dakika 10. Ukiyaweka makombo mapema yataungua.

Siku ilikuwa Ijumaa, kwa kuwa Wasabato huandaa chakula cha Sabato kabla jua halijazama. Hilo lilinifaa kuliko nilivyotegemea. Lasanya iliyolala hujikusanya. Ile ya moto humwagika ukiikata. Jumamosi mchana dada alirudi kanisani na wanawe, nikaipasha moto, nikakata. Kipande kilisimama, tabaka zote tano zikionekana.

Dada alikiangalia muda mrefu kabla ya kuonja. Hakusema neno. Alipomaliza alisogeza sufuria karibu yake, na kwa kuwa sufuria ya duara haina pembe, akaanza kukwangua ukingo wote kwa kijiko, akiuzungusha mpaka alipoanzia.