Muvi haijaanza

Maneno mawili ya Idi yamenikwama tangu Jumapili: "Muvi haijaanza."

Idi wetu mnamjua. Kapata nafasi ya kutoka bandarini, kaja, kala biriani yake akashiba, kajinyoosha kwenye mkeka wa Mama. Nikaona leo ndiyo leo, nikaweka To Kill a Mockingbird, ile sinema ya 1962 ambayo nimewachosha nayo humu. Majina ya mwanzo, yale ya waigizaji na watengenezaji, hayajafika hata nusu, mkono wake huo kwenye laptopu.

"Dada, sukuma mbele. Majina tu hayo."

"Ngoja kidogo, Idi."

"Ningoje nini? Muvi haijaanza."

Akasukuma.

Nikanyamaza kwa heshima ya Mama. Lakini tangu siku hiyo namjibu Idi kimoyomoyo kila nilipo: kwenye tuktuk, kwenye foleni ya hospitali siku Mama alipotolewa mtoto wa jicho (alhamdulillahi, salama), hata jikoni nikichambua mchele. Ningoje nini? Ungoje mkono, Idi. Mkono wa mtoto unafungua kiboksi cha sigara, na mtoto mwenyewe anaimba kwa pua, wimbo hauna maneno. Piano inadonoa noti moja moja. Kamera imesogea karibu mno mpaka saa ya mfukoni inaonekana kubwa kama gurudumu. Gololi inabingirika, inagonga mwenzake. Mtoto anasugua kalamu ya rangi kwenye karatasi, na jina la sinema linaibuka chini ya mkono wake. Halafu anachora ndege. Halafu anaichana ile karatasi, na ndege anachanika nayo. Haijaanza? Kila kinachokuja kuwapata watu wa Maycomb, mji wa kwenye sinema, kimeshapita mbele yako, na hakuna aliyesema neno.

Stephen Frankfurt, aliyebuni utangulizi huo, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara New York. Labda ndiyo maana alijua thamani ya sekunde.

Na hii "haijaanza" haikuanza na Idi. Zamani kumbi nyingi za Marekani zilikuwa zikirusha majina pazia likiwa bado limefungwa, watu wanatafuta viti. Mwaka 1955 mwongozaji Otto Preminger akatoa sinema ya The Man with the Golden Arm, na mbunifu Saul Bass akamtengenezea utangulizi wa vipande vyeupe vya karatasi kwenye weusi, vinaingia, vinapishana, mwisho vinakuwa mkono uliopinda, mkono wa mtu aliyetekwa na heroini. Makopo ya filamu yakapelekwa na agizo kwa waendesha mitambo: pazia lifunguliwe kabla ya majina. Agizo hilo nalipenda sana. Na yule Pink Panther, chui wa katuni, aliyekuwa akimfanya Idi achelewe chuo utotoni alizaliwa wapi? Kwenye majina ya mwanzo ya sinema ya 1963! Watu wakampenda, mwaka uliofuata akapewa katuni zake mwenyewe. Jibu hili nililipata Jumanne usiku, Idi yuko zamu.

Linaniuma kwa sababu ndiyo kazi yangu. Video ya harusi ya watu naikesha pale mwanzoni: kidole cha mpaka hina, chetezo kinafuka, jina la bi harusi linajitokeza polepole. Nataka mtu akae vizuri, ajue ameshaingia shughulini.

Jana usiku Mama alikuwa hana usingizi. Jicho moja lina bandeji, na la pili mnajua hali yake. Akaniambia, "Niwekee ile ya Jumapili, mwanangu. Nitasikiliza tu."

Nikaiweka tangu mwanzo. Mtoto akaanza kuimba kwa pua. Mama akainua mkono nisiongee.

"Huyu mtoto anacheza peke yake," akasema.

"Umejuaje, Mama?"

"Mtoto akiwa na wenzake haimbi hivyo. Huyu ana vitu vyake mbele yake, anavipanga."

Hajaona kiboksi wala gololi, na Kiingereza cha majina yale asingekisoma hata kwa macho mazima. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia, akanikaripia nisimguse bandeji. Nikarudisha mwanzo, tukasikiliza tena, na mara hii akaanza kuufuata ule wimbo kwa sauti ya chini, kama anaujua. Kisha akaniuliza mama wa yule mtoto yuko wapi. Jamani! Mama wa yule mtoto ameshafariki, na hilo sinema inakuja kulisema baadaye.

Idi sijamwambia. Akija nitamkalisha karibu na Mama, laptopu niishike mimi.

Kuna jambo jingine, niombeeni. Ile diski yangu kubwa imeanza kukwaruza tangu asubuhi, tik, tik, inanyamaza, tik. Harusi ya Likoni yote imo humo na wenyewe wanakuja kuichukua Ijumaa. Nimeanza kuhamisha, inakwenda kwa kusuasua, na umeme wa huku kwetu mnaujua.